Mtama Chini ya Kitanda: Siku Sita za Kumtafuta Bibi Katika Madaftari ya Zamani

Siku ya kwanza, Jumatatu. Nairobi

Nimeanzia Moi Avenue, kwenye jengo la mawe lililokuwa la benki enzi za mkoloni na ambalo leo ni Makavazi ya Kitaifa. Watu wa Nairobi hupeana miadi mbele yake kila siku, na wengi hawajawahi kuingia. Nimevuka ukumbi wa chini wenye vinyago na mikeka aliyokusanya marehemu Joseph Murumbi, nikapanda moja kwa moja kwenye chumba cha kusomea. Kalamu ya wino huachwa nje. Ndani huingia penseli na daftari.

Nina maswali mawili. Kwetu Freretown, Mombasa, kila mtoto hukua akiisikia hadithi ya mzee wetu wa kwanza. Alitekwa angali mdogo upande wa Ziwa Nyasa, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini. Manowari ya Kiingereza ikalinasa jahazi lile baharini, naye akashushwa Mombasa akiwa huru. Hadithi hii husimuliwa matangani, arusini na kila Krismasi. Swali la kwanza: je, imeandikwa popote? La pili ndilo lililonitoa nyumbani. Mzee huyo alioa nani? Mimi ni kilembwe chake, nina miaka arobaini na kitu, na sijawahi kusikia jina la mkewe likitajwa hata mara moja.

Asubuhi nzima imepotea. Niliomba karatasi za Pwani za kabla ya 1920, na orodha haikunipa kitu cha maana, mpaka mama mmoja anayehudumia chumba kile aliponiinamia mezani. "Mwalimu, wakati huo hapakuitwa Mkoa wa Pwani. Tafuta Seyidie." Ndilo jina Waingereza walilolipa jimbo lenye makao yake Mombasa, kutokana na Seyyid wa Unguja ambaye ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki yake.

Yeyote anayetaka kutafuta wazee wake nchini Kenya na alishike hili kabla ya kupanda gari. Kaunti tunazozijua ni za 2013. Karatasi za 1910 hazina Kaunti ya Kilifi, na wilaya zilikatwa na kuunganishwa mara nyingi kabla ya uhuru. Majina ya mahali nayo yaliandikwa jinsi sikio la Mwingereza lilivyosikia. Taita, kwa mfano, imeandikwa "Teita" ukurasa baada ya ukurasa. Nimeandika orodha ya tahajia hizo nyuma ya daftari langu.

Mchana nimesoma mafaili matatu kuhusu mashamba ya misheni na kodi za vibanda. Jina la mzee sikuliona. Hilo halikunivunja moyo sana, kwani serikali haikuwa na haja naye. Waliokuwa na haja naye ni misheni.

Siku ya pili, Jumanne. Njiani, kisha Freretown

Treni ya asubuhi, ndovu wekundu wa Tsavo dirishani, Miritini mchana. Matatu mbili na nimefika Kengeleni.

Kengele yenyewe ipo bado, kwenye mnara wake mdogo kando ya barabara, magari yanaipita kwa kasi pande zote. Misheni ya CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, iliijenga Freretown kuanzia 1875, baada ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza ambaye mji umepewa jina lake, kutumwa Unguja na Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Kasisi William Salter Price ndiye aliyepewa kazi ya kuuanzisha mji. Kengele ililia kuita watu shule na sala, na ililia pia kuwaonya wakati wenye watumwa walipokuja na silaha kudai watu wao. Nikiwa mtoto niliambiwa hilo la kwanza tu.

Shangazi alikuwa barazani akichambua mbaazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo?"

Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Amevuka miaka themanini, macho yamepungua, lakini kumbukumbu yake sijaona mfano wake. Usiku, baada ya chakula, alinitolea mkebe wa biskuti ulioshika kutu. Ndani mna vyeti vya shule, risiti za kodi, picha mbili, na kipande cha babu yake, yule mtoto wa kwanza wa mzee wetu, aliyezaliwa mwaka 1895.

Kipande nilikuwa nimekisoma vitabuni tu. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu akatakiwa kuandikishwa, achukuliwe alama za vidole, atembee na karatasi yake ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Hiki cha kwetu ni chepesi kuliko nilivyodhani. Kona moja imesuguliwa ikang'aa, pale kilipokuwa kikigonga kifua. Uzi hauko tena, lakini tundu la uzi limepanuka upande mmoja, limevutwa na shingo ya mtu kwa miaka. Karatasi imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka, na juu ya mkunjo mmoja neno la kabila bado linasomeka: Nyasa.

"Basi mama yake alikuwa nani, shangazi?"

Alikifunga kijaluba, akakirudisha mkebeni mwenyewe.

"Kesho uende kanisani. Lakini nakuomba jambo moja, baba. Lolote utakaloliona, majina hayatoki nje mpaka ukoo ukae kikao."

Nimekubali. Ndiyo maana simulizi hii haina jina la mtu wetu hata mmoja.

Siku ya tatu, Jumatano. Freretown

Mahamri na mbaazi, kisha kanisani. Nilikuwa nimepiga simu wiki mbili kabla na kuleta barua, maana madaftari haya hayafunguliwi kwa kila mpita njia, na sioni vibaya. Ni karatasi zenye zaidi ya miaka mia moja, katika hewa ya chumvi. Mzee wa kanisa aliyenifungulia kabati alinawa mikono, akakausha kwa kitambaa safi, akanitaka nami nifanye hivyo.

Tulianza na ubatizo. Kurasa za mwanzo zinaumiza. Watoto walioshushwa kutoka majahazini walibatizwa makundi kwa makundi, majina mapya ya Kiingereza yamefuatana, mengi yakiwa ya wamisionari na wafadhili wao. Safu ya umri imejaa neno "yapata." Safu ya wazazi ni vistari vitupu kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Nilijikuta nikivihesabu, nikaacha.

Mzee wetu nimemkuta mwaka 1879. Yapata miaka kumi. Pameandikwa kuwa aliletwa na mashua za manowari London. Nimeweka penseli chini nikatoka kuvuta pumzi. Hadithi ya matangani ni ya kweli. HMS London ilitia nanga Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, meli kuukuu iliyokuwa kama ngome, na mashua zake ndogo ndizo zilizokuwa zikifukuzana na majahazi ya watumwa. Barua na taarifa za misheni za miaka hiyo leo ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na nimeshaanza kuandikiana nao. Lakini ule mstari mmoja wa Freretown umenitosha kwa leo.

Mzee wa kanisa alinikumbusha kuwa watoto hawa hawakupokewa na Wazungu peke yao. Walikuwapo Waafrika wa Bombay, waliokuwa wametekwa wao wenyewe, wakakombolewa, wakasomeshwa ufundi na Kiingereza huko Nasik, India, kisha wakarudishwa Mombasa. Ndio waliokuwa walimu, maseremala, wahunzi na wakalimani. William Jones alikuwa mmoja wao. Alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, akafuatana naye safari ya Uganda mwaka huohuo, na Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi Rabai. Ningependa watoto wa Freretown walijue jina la Jones kama wanavyolijua la Frere.

Kisha daftari la ndoa. Mwaka 1893. Hapo ndipo nilipokutana naye.

Mstari wa bwana arusi: jina, miaka ishirini na minne, kazi seremala, makao Freretown. Jina la baba: kistari.

Mstari wa bibi arusi: jina, miaka kumi na minane, makao Rabai. Jina la baba: limeandikwa.

Nilisoma mara tatu. Sikutegemea. Katika ukurasa ule mzima, ndoa nane, ni yeye peke yake kati ya wasiozaliwa misheni aliyekuwa na baba mwenye jina, tena si jina la Kizungu. Chini yake ni sahihi. Mumewe aliandika kwa mkono uliosomeshwa, herufi zimeinamia kulia. Yeye aliweka msalaba. Mkono mmoja wa msalaba ni mrefu kuliko mwingine, na mwishoni wino umejikusanya tone moja, pale ambapo kalamu ilikaa kidogo kabla ya kuinuliwa. Niliweka kidole juu ya hewa, karibu na tone lile, bila kuligusa.

Usiku nimemwambia shangazi: "Alitoka Rabai." Aliitikia tu kwa kichwa.

Siku ya nne, Alhamisi. Mombasa mjini

Leo nilitaka kuona kama mzee aliwahi kuandikishwa shamba, maana sheria ya 1908 ililazimisha kila anayedai ardhi ya pwani ajitokeze na madai yake yaandikwe. Nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma kwa muda wa saa nne, nikaambiwa daftari linatumika, kisha kwamba mwenye ufunguo hayupo, kisha kwamba ofisi inafungwa. Benchi lile lilikuwa na watu kumi na wawili, na wengi wao walikuwa na kesi za nyumba wanazoishi sasa hivi. Kwao daftari lisilopatikana ni paa lililo juu ya watoto wao. Nimewaachia nafasi yangu.

Siku ya tano, Ijumaa. Rabai

Matatu hadi Mazeras kwa barabara ya Nairobi, kisha bodaboda juu ya matuta kati ya minazi. Rabai iko Kaunti ya Kilifi. Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani wa CMS, walihamia hapa 1846, nyumba zao zipo, na jumba dogo la makumbusho lina jina la Krapf. Wageni wengi huja kwa ajili ya hao wawili. Mimi nilikuja kwa ajili ya watoro.

Na hapa niseme jambo ambalo shuleni tulilipitia kwa sentensi moja. Freretown ilijaa mateka, watu walionaswa baharini wakaletwa na serikali ya Uingereza. Rabai ilijaa watoro. Hawa walikuwa watumwa wa mashamba ya pwani waliotoroka usiku kwa miguu, wakapanda bara hadi kwenye misheni au kwenye vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo kule Ugiriama. Mateka walikuwa na vyeti. Watoro walikuwa na mabwana waliowatafuta, na kisheria misheni haikuwa na ruhusa ya kuwaficha. Iliwaficha hata hivyo, wakati mwingine kwa ujasiri wa makatekista Waafrika kuliko wa Wazungu waliokuwa wakiogopa kuvuruga uhusiano na Mombasa. Mwaka 1888 mambo yalifika shingoni. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuitawala pwani ikakuta watoro zaidi ya elfu moja na mia nne wakiishi Rabai na vituo vingine vya misheni, na wenye watumwa wakitishia vita. George Mackenzie wa kampuni hiyo akakubaliana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, hapahapa Rabai, watoro wakakabidhiwa hati zao za uhuru mmoja mmoja. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria ya pwani hadi 1907.

Padri alinikaribisha ofisini, tukavuta meza karibu na dirisha. Ilichukua saa mbili. Yuko katika ubatizo wa 1890: jina lake jipya, jina lake la zamani kando yake, miaka yapata kumi na mitano. Kwenye safu ya maelezo kuna maneno machache ya Kiingereza kuwa alipewa uhuru 1889, na mwisho neno moja nililokuwa nimeliandika nyuma ya daftari langu siku ya kwanza. Teita.

Nilikaa nikipiga hesabu. Kama alikuwa na miaka kumi na mitano 1890, alizaliwa yapata 1875. Mwaka 1884 alikuwa na miaka tisa, na 1884 ndio mwaka wa njaa kubwa ambayo Wataita mpaka leo wanaiita Mwakisenge. Katika njaa ile wazazi waliwaweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, wakitumaini kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengi hawakukombolewa, na rehani ikageuka utumwa. Daftari halisemi kuwa ndivyo ilivyokuwa kwake. Nasema mimi, kwa umri, kwa mahali, na kwa sababu baba yake ana jina. Mtoto wa miaka tisa anamjua baba yake. Alimshikilia kwa miaka yote ile ya utumwa, akatoroka naye kichwani, na siku ya arusi, karani alipouliza, alikuwa na jibu.

Padri aliniletea maji. Hakuniuliza kwa nini nalia.

Jioni sikumweleza shangazi kwa mafumbo. Nilimsomea mistari yote miwili. Alikaa kimya mpaka taa ya jirani ikazimwa.

"Nilimwona," alisema. "Alikufa mimi nina miaka minane. Tulimwita bibi wa uani, kwa kuwa alikaa chumba cha uani. Chini ya kitanda chake palikuwa na chungu cha mtama. Sisi hatukuwa tukila mtama, baba, tulikula wali na ugali wa mahindi. Lakini chungu kile kilijazwa kila msimu. Ukitia mkono ulichapwa. Ndiyo mara pekee aliyowahi kunichapa. Mtama ukiliwa na wadudu aliumwaga kwa kuku, akajaza mwingine."

"Na kwa nini hatajwi?"

"Wenzetu shuleni walikuwa wakituimba. Wajukuu wa mtoro. Mateka walijiona bora, waliletwa na manowari ya Malkia. Mtoro ni mtu aliyekimbia, ana bwana wake mahali. Babu akatuambia tukiulizwa tuseme sisi ni Wanyasa. Kipande chenyewe kimesema hivyo. Basi tukasema, mpaka tukazoea."

Mzee wetu alitolewa baharini na mashua ya wengine, na sisi tukafanya hiyo ndiyo hadithi yetu yote. Mkewe alitembea usiku kutoka shamba la bwana wake, mtoto wa kike wa miaka kumi na kitu, na tukamweka uani. Nimeandika sentensi hizi mbili katika daftari langu la penseli mbele ya shangazi, nikamsomea. Akaniambia nizikaze kwa wino.

Kabla ya kulala nimempigia rafiki yangu wa Voi, mwalimu mwenzangu, nikamtajia jina la yule baba bila kumweleza mengi. Alicheka kwa furaha. "Jina hilo liko Sagalla. Mbona unaulizia watu wa kwetu?"

Siku ya sita, Jumamosi. Sagalla, Kaunti ya Taita Taveta

Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu. Saa kumi na moja alfajiri nimemkuta shangazi ameshavaa leso mpya, mkebe wa biskuti umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani.

Voi kwa treni ya asubuhi, kisha gari la rafiki yangu hadi chini ya mlima, kisha juu, taratibu, kwa ajili ya mgongo wa shangazi. CMS ilifungua kituo Sagalla mwaka 1883, mwaka mmoja tu kabla ya njaa, lakini hatukwenda kutafuta madaftari. Rafiki yangu alikuwa ametuma neno kwa mzee mmoja wa huko anayezijua koo zote. Tumemkuta amekaa chini ya mwembe pamoja na wazee wengine wawili na mama mmoja mkongwe kuliko wote. Tumesalimiana kwa muda mrefu. Chai imeletwa. Nimeeleza tumetoka wapi, nikaeleza 1893, nikaeleza 1890, na nilipofika Mwakisenge wazee wakatikisa vichwa. Hawakuhitaji kuambiwa mwaka.

Mama mkongwe akauliza kwa Kiswahili, akinitazama mimi: "Na baba yake huyo mtoto aliitwa nani?"

Nilimgeukia shangazi, maana nilikuwa nimeahidi.

Shangazi aliweka kikombe chini. Akanyoosha leso yake magotini, akalitaja jina la baba, kisha akalitaja la bibi mwenyewe, lile la kwanza, la kabla ya ubatizo. Alilitaja kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayeita mwenzake aliye ng'ambo ya shamba.

Mama mkongwe alimwomba arudie. Akarudia. Basi yule mama akashika mkongojo, akainuka, akaingia ndani kumwita kaka yake.